Msipime Maji Peke Yake: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Maji na Samaki

Kwa waheshimiwa mnaosimamia maji, uvuvi, afya na mazingira,

YAH: KUPIMA METALI ZENYE SUMU NDANI YA SAMAKI WA MAJI BARIDI

Nawaandikia nikiwa nimestaafu kazi ya maabara. Kwa sehemu kubwa kazi hiyo ilikuwa ni kujaza chupa maji ya mito na maziwa, kuyatia matone ya asidi ili metali zisigande kwenye kuta za chupa, kisha kuandika kwenye fomu tarakimu ambazo watu wengine walizichukua na kwenda nazo mikutanoni. Nimetia saini ripoti nyingi zenye neno "salama", na sikudanganya katika hata moja. Swali nililoulizwa lilikuwa kama maji yale yanafaa kunywewa, nami nililijibu. Baadaye jibu lile lile lilichukuliwa na kutumiwa kujibu swali ambalo sikuulizwa: kama samaki waliomo ndani ya maji yale wanafaa kuliwa. Maswali hayo mawili hayana jibu moja, na tofauti iliyopo kati yake ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Nianze na zebaki, kwa sababu ndiyo inayoionyesha tofauti hiyo kwa uwazi kuliko metali nyingine yoyote. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kikaboni (yaani isiyoungana na kaboni) katika lita moja, yaani nanogramu 6,000. Maziwa mengi yasiyo na kiwanda wala mgodi jirani yana zebaki iliyo chini ya nanogramu 10 kwa lita, na ile sehemu yake iliyogeuka kuwa zebaki ya methili, ambayo ndiyo hatari zaidi, mara nyingi haifiki hata nanogramu 1. Kwa kipimo cha maji ya kunywa, ziwa la namna hiyo ni safi kupita kiasi kinachotakiwa kwa mamia ya mara. Hata hivyo, ndani ya ziwa hilo hilo anaweza kuvuliwa samaki mzee, mla samaki wenzake, mwenye miligramu 0.5 za zebaki katika kila kilo ya nyama yake, kiwango ambacho nchi nyingi zimekitumia kwa miaka mingi kuwa ukomo wa samaki wa kuuzwa. Hesabu yake si ngumu. Ikiwa lita moja ya maji ina nanogramu 0.1 za zebaki ya methili, na kilo moja ya samaki ina nanogramu 500,000, basi samaki huyo ameirundika zebaki mara milioni 5 kuliko maji anamoogelea. Mtu angelazimika kunywa lita milioni 5 za maji yale ili apate kilichomo katika kilo moja ya nyama ya samaki yule, na hakuna binadamu atakayeishi miaka ya kutosha kuyamaliza.

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo tumezoea kuisema kwa furaha tunapomfundisha mtoto kuweka akiba, lakini mwili wa samaki nao una tabia hiyo hiyo ya kuweka, na hauchagui kinachowekwa. Zebaki inayoingia ziwani kutoka angani pamoja na mvua, au kutoka kwenye udongo uliomomonyoka, au kutoka kwenye bomba la mtu, hushuka hadi kwenye tope la chini lisilo na oksijeni. Humo wamo vijidudu, wengi wao bakteria, wanaopumua salfeti (chumvi ya salfa) badala ya oksijeni, wapo pia wanaotumia chuma, na wapo wanaotoa gesi ya methani. Baadhi yao wana jozi ya jeni, zilizotambuliwa mwaka 2013, zinazowawezesha kuibandika zebaki kundi la methili, yaani kaboni moja yenye haidrojeni tatu. Kuanzia hapo tabia yake hubadilika kabisa. Zebaki ya kawaida mwili huipokea kwa shida na kuitoa kwa urahisi kiasi. Zebaki ya methili hupokelewa karibu yote kutoka kwenye chakula, hujifunga kwenye sehemu zenye salfa ndani ya protini za msuli, na hutoka polepole mno. Mwani huinyonya kutoka kwenye maji, na hatua hiyo ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, kwa kuwa kiwango hupanda kwa maelfu mengi ya mara kati ya maji na mwani peke yake. Vidudu vidogo vya majini hula mwani, samaki wadogo hula vidudu, samaki wakubwa hula wadogo, na kila anayekula hubaki na sehemu kubwa ya zebaki ya wote aliowala, ilhali chakula chenyewe amekwisha kukichoma kuwa nguvu ya kuogelea. Ndiyo maana katika samaki wawindaji zaidi ya asilimia 90 ya zebaki iliyo kwenye minofu huwa ni ya methili, ingawa katika maji na tope aina hiyo ni sehemu ndogo tu ya zebaki yote.

Kuna jambo moja hapa ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, kwa sababu halimo kwenye vibali mnavyotoa. Kwa kuwa wengi wa bakteria hao wanaishi kwa salfeti, mgodi au kiwanda kisichotumia hata tone la zebaki kinaweza kuongeza zebaki ndani ya samaki kwa kumwaga salfeti tu katika maji ambayo zamani yalikuwa na salfeti kidogo. Mkaguzi atapima zebaki kwenye bomba na hataipata, mwenye kiwanda atapewa cheti, na cheti kitakuwa cha haki kwa mujibu wa kanuni. Hali ni hiyo hiyo mnapoidhinisha bwawa jipya. Udongo na mimea iliyozamishwa huoza, oksijeni huisha, bakteria hushamiri, na zebaki iliyokuwa imelala ardhini kwa karne nyingi huamka. Katika mabwawa makubwa ya umeme ya jimbo la Quebec, nchini Kanada, zebaki ya samaki ilipanda kwa mara kadhaa baada ya bonde kujazwa maji, na ilichukua miongo kurudi karibu na ilivyokuwa. Hakuna mtu aliyemwaga chochote kule isipokuwa maji.

Tumezoea kumkagua samaki kwa jicho, pua na kidole: jicho lake liwe angavu, matamvua yawe mekundu, nyama irudi mahali pake ikibonyezwa. Ukaguzi huo ni mzuri na umeokoa matumbo mengi, lakini unatafuta uozo, na metali haiozi wala hainuki. Samaki mwenye zebaki nyingi anaweza kuwa ndiye mzuri kuliko wote mezani, mkubwa, mnene, wa bei ya juu. Kumpika hakusaidii. Baadhi ya dawa za kuua wadudu hukaa kwenye mafuta, na mtu akitoa ngozi na kumwaga mafuta anapunguza sehemu yake. Zebaki ya methili imo kwenye nyama yenyewe, na moto unapoyakausha maji ya nyama, kiwango kwa kila gramu huongezeka badala ya kupungua. Nimewahi kusikia kiongozi akiwahakikishia wavuvi kwamba samaki akichemshwa vizuri hana neno. Alikuwa akizungumzia vijidudu, nadhani, lakini wavuvi walikuwa wameuliza habari ya mgodi.

Yaliyotokea mahali pengine yanatosha kutuondolea kisingizio cha kutojua. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilichokuwa kikitengeneza kemikali ya asetaldehidi kwa kutumia zebaki kilimwaga maji yake ghubani kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Ugonjwa uliandikishwa rasmi tarehe 1 Mei 1956, na serikali ilikubali rasmi chanzo chake mwezi Septemba 1968, baada ya miaka 12 ambayo watu waliendelea kula samaki. Mtasema hiyo ilikuwa bahari. Basi mwaka 1965 ugonjwa ule ule ulitangazwa katika mkoa wa Niigata, safari hii miongoni mwa watu waliokula samaki wa Mto Agano, ambao upande wake wa juu kulikuwa na kiwanda kingine cha asetaldehidi. Mto ulikuwa unatiririka mchana na usiku na kupeleka maji yake baharini, na bado samaki wake walikuwa wamehifadhi kile ambacho maji yalikuwa yamekwisha kukipitisha. Yeyote anayeamini kwamba maji yanayotembea hujisafisha yenyewe angeanza na mto huo.

Habari ya tatu ndiyo inayopaswa kuwaogopesha zaidi ninyi mnaopanga bajeti. Kule Dryden, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, mtambo wa kutengeneza klorini kwa ajili ya kiwanda cha karatasi ulimwaga zebaki inayokadiriwa kufikia karibu tani 10 katika Mto Wabigoon kati ya mwaka 1962 na 1970. Uvuvi wa biashara ulifungwa mwaka 1970, na watu wa jamii ya Grassy Narrows walipoteza chakula na ajira kwa pigo moja. Nusu karne baadaye samaki wa mto huo bado walikuwa na zebaki nyingi, kwa sababu tope lilikuwa limeiweka na lilikuwa likiendelea kuitoa kidogo kidogo. Miaka 8 ya kumwaga imezaa zaidi ya miaka 50 ya kupima, kutibu, kushtakiana na kulipa. Mwenye kibali cha miaka michache anaweza kuondoka na faida yake kabla deni halijaanza kuonekana.

Zebaki isiwafanye mkasahau nyingine, wala msidhani kwamba zote zina mwenendo mmoja. Hapa ndipo ripoti nyingi hukosea, kwa kuziweka metali zote kwenye jedwali moja na kupima kiungo kimoja. Kadimiamu na risasi huingia kwa samaki kupitia matamvua kwa njia zile zile ambazo mwili huzitumia kuvuta kalisi kutoka majini, kwa kuwa chembe zake zinafanana na za kalisi kiasi cha kuudanganya mlango. Shaba hupita njia ya sodiamu. Kwa sababu hiyo maji magumu, yenye kalisi nyingi, humlinda samaki kwa kiasi fulani, maana kalisi inashindana na sumu mlangoni. Na maji laini yenye asidi humuumiza kwa kiwango ambacho katika ziwa jingine asingekihisi. Tarakimu moja ya kadimiamu, bila ugumu wa maji, bila kipimo cha asidi, bila kujua ni kiasi gani kimeshikwa na mabaki ya majani yaliyooza, haimwambii mtu mengi. Niliwahi kuwasilisha tarakimu za namna hiyo kwa miaka kadhaa kabla sijaelewa kwamba nilikuwa nawasilisha nusu ya sentensi.

Zikiisha kuingia, metali hizo haziendi kwenye minofu kwa wingi. Ini na figo hutengeneza protini ndogo iitwayo metalothionini, iliyojaa salfa, ambayo huishika kadimiamu, shaba, zinki na zebaki na kuzifungia mahali zisilete madhara ya haraka. Ni kinga nzuri kwa samaki, lakini mzigo uliofungwa bado umo mwilini, na anayekula ini anakula mzigo wote pamoja na kamba zake. Risasi, kwa kuwa inafuata kalisi, huelekea kwenye mifupa, magamba na matamvua. Kadimiamu na risasi kwa kawaida hazipandi kutoka kwa mliwa hadi kwa mlaji kama zebaki inavyopanda. Risasi mara nyingi huwa nyingi kwa viumbe wa chini, wanaokaa na kula kwenye matope, kuliko kwa samaki wawindaji. Kwa hiyo mtu anayewaambia watu waepuke samaki wakubwa na kula wadogo amesema kweli juu ya zebaki, lakini anaweza kuwa anawaelekeza kwenye risasi ikiwa wadogo hao wanaliwa wazima, pamoja na utumbo wenye tope, mifupa na vichwa. Kiwango cha kadimiamu katika sheria za Umoja wa Ulaya, miligramu 0.05 kwa kilo kwa aina nyingi za samaki, kinahusu minofu. Lakini nani kasema kwamba kila mtu anakula minofu? Katika nyumba nyingi minofu huenda kwa mwenye pesa, na kichwa, ini na vile vidogo vya kukaushwa hubaki kwa asiye nazo, ambaye kwa bahati mbaya hayumo kwenye jedwali lenu.

Arseniki nitaipita haraka, kwa kuwa ndani ya samaki sehemu yake kubwa huwa katika maumbo ya kikaboni yenye sumu ndogo kuliko ile iliyomo kwenye maji ya visima, na anayepima arseniki yote kwa jumla bila kutenganisha maumbo hayo anaweza kuwatisha watu bure. Kromiamu ya viwanda vya ngozi huua zaidi karibu na bomba kuliko inavyojirundika mbali. Seleniamu, ambayo kama arseniki si metali hasa bali jirani wa metali, inastahili kusimamiwa kwa muda, kwa sababu ya ziwa moja.

Ziwa Belews, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, lilitengenezwa ili kupoza mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 maji ya bwawa la majivu yalielekezwa humo yakiwa na seleniamu. Kiwango chake katika maji ya ziwa kilikuwa mikrogramu zipatazo 10 kwa lita. Kwa kulinganisha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 40. Ndani ya miaka michache aina 19 kati ya 20 za samaki waliokuwamo zilitoweka. Hawakuonekana wakielea wamekufa, kama watu wanavyotarajia kuona sumu ikifanya kazi. Samaki wakubwa waliendelea kuishi na kuonekana wazima. Walichokifanya ni kupitisha seleniamu kwenye mayai yao, na watoto wakatotolewa wakiwa na migongo iliyopinda, vichwa vilivyoharibika, au hawakuishi kabisa. Mkaguzi angekuja na chupa yangu, angeondoka na neno langu lile lile, "salama", na kwa kipimo cha kunywa angekuwa sahihi.

Turudi kwa binadamu na tufanye hesabu nyingine, kwa kuwa ukomo wa miligramu 0.5 nao una siri yake. Mwaka 2003 kamati ya pamoja ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kwamba mtu asipate zaidi ya mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wake, kiwango kilichowekwa kwa kuangalia ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mwanamke mwenye kilo 60 anaruhusiwa basi mikrogramu 96 kwa wiki. Samaki aliye kwenye ukomo ana mikrogramu 0.5 katika kila gramu, na kwa hiyo gramu 192 zinamaliza posho yake ya wiki nzima. Hicho ni kipande kimoja kikubwa, au viwili vya kiasi. Anayekula samaki Jumapili tu hana tatizo. Anayekula samaki mara moja kila siku, kwa sababu anaishi kando ya ziwa na hana nyama nyingine, anapita kiwango kwa mara kadhaa huku akila samaki ambao kila mmoja wao amepita kwenye ukaguzi. Ukomo wa kuuza uliwekwa kwa ajili ya soko. Haukuwekwa kwa ajili ya mtu anayekula kilichovuliwa asubuhi mlangoni pake. Lakini samaki huyo huyo angekuwa na miligramu 0.1 kwa kilo, mwanamke yule angeweza kula gramu 960 kwa wiki. Aina ya samaki, umri wake na ziwa alikotoka vinageuza jibu lote.

Kuhusu risasi hali ni nzito zaidi kwa namna yake. Kamati hiyo hiyo mwaka 2010 iliondoa kiwango cha wiki ilichokuwa imekiweka zamani, kwa kuwa haikuona tena kiwango ambacho kingeweza kusemwa kuwa kinamlinda mtu. Kadimiamu nayo hukaa kwenye figo za binadamu kwa miaka 10 hadi 30 kabla nusu yake haijatoka. Zebaki ya methili hupungua kwa nusu katika damu ya mtu mzima ndani ya siku zipatazo 50, jambo linaloleta nafuu fulani: mtu akibadilisha chakula leo, baada ya miezi michache damu yake itaonyesha. Kwa mtoto aliye tumboni nafuu hiyo ni ndogo, kwa kuwa zebaki ya methili huvuka kondo la nyuma, na damu ya kitovu kwa kawaida huwa na zebaki nyingi kuliko ya mama mwenyewe.

Nisieleweke vibaya, na hili naliandika nikijua kwamba barua kama hii inaweza kukatwa kipande na kusambazwa kama tangazo la kuwakataza watu samaki. Samaki ni chakula chema kuliko vingi, ana protini, ana mafuta yanayoujenga ubongo ule ule tunaoulinda, na familia ikimwacha kwa hofu itajaza nafasi yake kwa kitu duni. Samaki wengi wala majani, waliokua haraka na kuvuliwa wachanga, wana zebaki kidogo sana. Anayekua haraka huitawanya zebaki aliyoipata katika nyama nyingi, na aliyedumaa huiweka katika nyama chache. Perege mchanga na kambare mzee wa ziwa moja ni vyakula viwili tofauti kwa habari hii, na mwananchi ana haki ya kujua hivyo kabla hajakaa kula. Tangazo la jumla la "samaki wa ziwa letu ni salama" na tangazo la jumla la "msile samaki" yote mawili yana uvivu mmoja.

Kupima samaki si jambo gumu kuliko kupima maji. Kwa upande mmoja ni rahisi zaidi, kwa kuwa kiwango kilicho ndani yake ni kikubwa na mashine ya kawaida inakiona. Zebaki ya nanogramu katika maji inahitaji chupa zilizooshwa kwa asidi, glavu, chumba kisicho na vumbi, na mtaalamu asiyekohoa. Kosa dogo la mikono linaweza kuzidi kitu kinachotafutwa. Ile iliyo kwenye minofu hupatikana kwa mashine ambazo maabara nyingi tayari zinazo. Shida iko kwenye nidhamu. Nimesoma ripoti zisizosema kama uzito ni mbichi au mkavu, na kwa kuwa karibu asilimia 75 hadi 80 ya nyama ya samaki ni maji, msomaji anaweza kukosea kwa mara 4 au 5 bila kujua. Nimesoma nyingine zilizochanganya samaki wa sentimita 15 na wa sentimita 60 na kutoa wastani. Na lipo neno "haikugundulika", ambalo mezani pa maabara lina maana ya kwamba mashine yetu haikuweza kuona chini ya kiwango fulani, na ambalo likifika mezani penu husomeka kana kwamba hakuna kitu. Kila ripoti inayotumia neno hilo ilazimishwe kuandika kando yake ni kiwango gani hicho.

Nawaomba basi kwamba kibali chochote cha mgodi, kiwanda cha betri, kiwanda cha ngozi, mtambo wa makaa au bwawa kisitolewe kabla samaki wa eneo hilo hawajapimwa, ili baadaye pasiwe na ubishi juu ya hali ilivyokuwa mwanzo, na kwamba wapimwe tena kila mwaka kwa gharama ya mwenye kibali lakini kwa mkono wa maabara asiyoichagua yeye. Nawaomba mhesabu ukomo kwa kuangalia mlaji wa kila siku na viungo anavyokula kwa kweli. Nawaomba matokeo yawekwe mahali pa kupokelea samaki, kwa lugha anayoisoma mvuvi, yakitaja aina na urefu, badala ya kufungiwa kwenye kabati hadi mwanahabari ayaombe mara tatu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao shughuli yao ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa angani na binadamu, wapewe njia nyingine ya kukamata dhahabu kabla ya kupewa kesi. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unazidai mpango wa taifa nchi ambazo uchimbaji huo mdogo si wa kupuuzwa, na mpango usio na vifaa mikononi mwa mchimbaji hautaonekana kwenye nyama ya samaki.

Wapo watakaosema kwamba zebaki imekwisha kutanda duniani na kwamba kuzuia bomba moja hakutabadili samaki. Katika ziwa moja dogo la majaribio huko Ontario, watafiti waliongeza zebaki yenye alama ya pekee, inayoweza kutofautishwa na ile iliyokuwamo tayari, kwa miaka 7 kuanzia mwaka 2001, kisha wakaacha, na wakaendelea kupima kwa miaka 8. Walipoacha, zebaki ile yenye alama ilipungua upesi katika vidudu na samaki wadogo, na baada yao katika samaki wakubwa pia. Ziwa lile halikuwa na tope lililojaa tani za sumu kama Mto Wabigoon, na ndiyo sababu ya kuharakisha: anayezuia mapema hupata samaki wake kabla tope halijaanza kuwa chanzo lenyewe.

Fomu niliyoijaza miaka yote ile ilikuwa na safu ya tarehe, mahali, joto, asidi, ugumu wa maji na orodha ya metali. Najua bado inatumika, kwa kuwa kijana aliyeshika meza yangu alinionyesha hivi karibuni. Ongezeni safu nyingine sita: aina ya samaki, urefu, uzito, umri kwa kusoma magamba au mfupa wa sikio, kiungo kilichopimwa, na kama uzito ni mbichi au mkavu. Karatasi inayo nafasi. Upande wake wa nyuma ni mtupu.

Naomba kuwasilisha.

Mpimaji mstaafu wa maabara ya maji